Moshi Utafutiwe Njia ya Kutokea

Unapoingia mwezi wa Juni, nyumba za Ufipa hufungwa mapema. Mji wetu wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaoteremka kutoka milima ya Mbizi baada ya sala ya Alasiri haumhurumii mzee wala mtoto. Waumini huingia msikitini wakiwa wamejifunika makoti, maji ya udhu huviacha vidole na ganzi, na majumbani kila tundu huzibwa kwa kitambaa ili joto lisitoroke. Ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam wanaotutembelea msimu huo hustaajabu kwamba Tanzania ina baridi ya namna hii.

Basi mahali ambapo watu hujifungia kwa ajili ya baridi, ni wajibu kuuliza swali moja: moshi unatokea wapi? Kwani moshi uliokosa njia ya kutokea haupotei. Hukaa pamoja na watu, ukaingia katika damu yao. Tumeona vema kuliandika jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu tumelijua kwa karibu, kwa njia ya lori la msikiti wetu, katika miezi ambayo mguu ulikuwa umevunjika na hatukuweza kwenda popote pasipo kubebwa.

Msomaji atusamehe tukisema "sisi". Mguu uliovunjika ulikuwa mmoja, nao ni wa katibu anayeandika makala haya. Lakini tangu siku ile hakuna kazi ya katibu iliyofanywa na katibu peke yake, na ukarabati tunaoueleza hapa ulifanywa na mikono mingi. Kusema "mimi" kungekuwa kudhulumu haki za watu.

Tuanze na lori lenyewe. Ni Bedford la zamani, lile lenye pua ndefu mbele, ambalo mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa hapa mjini aliliweka wakfu kwa msikiti kabla hajatangulia mbele ya haki. Bedford yalikuwa malori ya Uingereza, yakiundwa na kampuni ya Vauxhall iliyomilikiwa na General Motors ya Marekani. Aina hii yenye pua, iitwayo TJ, ilianza kutoka mwaka 1958, na kwa miaka mingi ilipelekwa katika nchi za Afrika na Asia kwa kuwa chuma chake ni kinene na ufundi wake ni rahisi. Mwaka 1986 General Motors iliamua kuachana na malori makubwa huko Uingereza, na mwaka uliofuata kiwanda cha Dunstable kikauzwa. Kwa hiyo lori letu ni yatima: waliolizaa hawapo tena, na anayelitunza hana duka la kwenda kuuliza kipuri kipya.

Vijana waliokua katika zama za lami hawawezi kujua malori haya yalikuwa na maana gani kwetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne ya kutegemewa kwa mahindi nchini. Mahindi hayo yalitoka uwandani kwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, kupitia Mpui na Laela hadi Tunduma, ambako reli ya TAZARA na barabara kuu hupita. Lori lililoharibika njiani lilitengenezwa palepale lilipokwama, kwa waya, kwa mpira wa tairi na kwa subira. Baadaye yakaja malori ya Scania yaliyokuwa yakiunganishwa Kibaha, kisha Fuso, na sasa lami imefika. Lakini Bedford la wakfu bado linafanya kazi. Linabeba saruji na mabati ya ujenzi, linabeba jeneza, linapeleka kina mama mazikoni na watoto wa madrasa kwenye Maulidi. Wakati wa mavuno hukodishwa kubeba mahindi, na ujira wake huingia katika mfuko wa msikiti.

Mngurumo wake ulijulikana mji mzima. Watoto wa madrasa waliutambua kabla lori halijakata kona, wakatoka mbio kulipokea. Watu walisema hiyo ndiyo sauti ya Bedford, nao walisema kwa mapenzi.

Mguu ulivunjika mwezi wa Machi, siku ya kushusha mabati. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, tope likaporomoka chini ya ngazi, na mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Hospitali walitufunga hogo kutoka pajani hadi vidoleni. Mtu aliyefungwa namna hiyo hawezi kuketi katika bajaji, wala katika gari dogo. Kabini ya Bedford ina kiti kimoja kipana kama benchi, kwa hiyo lori likawa gari letu la wagonjwa: mguu ukinyooshwa juu ya kiti, mgongo ukiegemea mlango, na madirisha yakifungwa kwa sababu ya baridi na mvua.

Kila tuliporudi kutoka kliniki kichwa kiliuma kama kinachopigwa nyundo. Wengine walisema ni dawa za maumivu. Wengine walisema ni uchovu wa kulala siku nyingi. Tabibu alikwisha kutuhadharisha na sigara, akieleza kwamba mfupa unaojiunga unahitaji damu iliyobeba hewa safi, na kwamba mfupa wa mvutaji huchelewa kupona. Sisi hatuvuti sigara, hivyo neno hilo likatupita. Mwezi wa Mei hogo refu lilikatwa tukafungwa fupi, tukapewa magongo, na safari za kabini zikaisha. Kichwa nacho kikaacha kuuma.

Kisha ikaja jioni moja ya Juni. Kulikuwa na maziko huko Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, na lori lilikwenda na wafiwa. Wakati wa kurudi, kina mama wakamwambia mama watoto wetu apande mbele pamoja na binti yetu wa miaka minne, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, na bibi mmoja mtu mzima akapanda nao. Walifunga dirisha lao, wakajifunika khanga na blanketi. Lori lilipofika mlangoni petu baada ya Isha, bibi alishuka akipepesuka. Mama watoto alishika ukuta akatapika. Mtoto alikuwa amelala, naye hakuamka alipoitwa. Alipochukuliwa mikononi, kichwa chake kilining'inia, midomo ikitoka mate.

Katika nyumba yenye hofu kila mtu huwa tabibu. Palikuwa na aliyesema mtoto ameshikwa na kijicho cha mazikoni. Palikuwa na aliyesema ni kichefuchefu cha safari, alazwe tu ajifunike. Sisi tulikuwa juu ya magongo mawili, hatuna hata mkono wa kumpokea mtoto. Jirani yetu alimbeba hadi hospitali kwa pikipiki, mama yake akifuata kwa nyingine. Daktari wa zamu alisikiliza kifua, kisha akauliza maswali mawili tu: mlikuja na gari gani, na madirisha yalikuwa yamefungwa? Akamwekea mtoto hewa ya oksijeni, na mama yake vilevile. Kabla ya Alfajiri binti alifumbua macho akaomba uji. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa sala ya kukaa, kama sheria inavyomruhusu mgonjwa, na katika sijida hiyo hatukuwa na dua nyingine.

Jambo moja lilibaki la kuzingatiwa. Dereva alikuwa katika kabini hiyohiyo, saa zilezile, naye hakuumwa chochote. Dirisha lake ni bovu, halipandi hadi juu. Aliendesha njia nzima akilalamikia baridi iliyomwingia sikioni. Baridi hiyo ndiyo iliyomhifadhi.

Asubuhi tulimwita fundi. Ni mzee wa Kikatoliki, kama walivyo majirani zetu wengi hapa Ufipa, aliyeanza ufundi akiwa utingo wa malori ya mahindi. Aliomba injini iwashwe ikiwa bado ya baridi, akachukua tambara nene akaziba kidogo mdomo wa bomba la moshi. Gari zima la moshi, akatufafanulia, lina mdomo mmoja tu unaopaswa kutoa pumzi. Ukiuziba kwa muda mfupi, injini yenye ekzosi nzima hulemewa na kutaka kuzima. Ya kwetu haikulemewa hata kidogo. Ilipumua kwa mahali pengine pote.

Akalala chini ya lori na kurunzi, akatuhesabia. Gasketi iliyo kati ya injini na manifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa mitungi yote sita, ilikuwa imeungua upande mmoja. Bomba linaloshuka kutoka hapo lilikuwa na ufa kwenye kona, chini kabisa ya miguu ya abiria. Sailensa ilikuwa imeoza kwa kutu hadi kidole kinapenya. Kipande cha mwisho hakikuwapo tena, hivyo hata moshi uliofika mwisho uliishia katikati ya gari. Na sakafu ya kabini ilikuwa na matundu pale ambapo mipira ya pedali ilikwisha kufa.

"Katibu," akasema akijifuta mikono, "ile sauti mnayoisifu si sauti ya Bedford. Bedford zima huunguruma kwa adabu. Hiyo ni sauti ya ufa."

Inafaa kueleza hapa moshi huo una nini, maana wengi wetu huuogopa moshi mweusi na kuudharau usioonekana. Injini inapochoma mafuta bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu akiivuta, huishika ile sehemu ya damu ibebayo oksijeni, himoglobini, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Basi damu huzunguka mwilini ikiwa imebeba mgeni asiye na faida, na ubongo na moyo hubaki na njaa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu na usingizi mzito. Watoto na wajawazito ndio huumia zaidi, na kijusi tumboni huumia pamoja na mama yake.

Injini za dizeli hutoa gesi hiyo kidogo kuliko za petroli, lakini kidogo si sifuri, na injini iliyochoka huongeza. Juu ya uwanda kama huu hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo injini kongwe hupata oksijeni pungufu na moshi wake huzidi. Zaidi ya gesi hiyo kuna masizi yenyewe: mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ekzosi, basi, haikuwekwa kwenye gari kwa ajili ya kupunguza kelele peke yake. Imewekwa kwanza ili pumzi ya injini isichanganyike na pumzi ya watu.

Kamati ilikutana baada ya sala ya Ijumaa. Ujira wa lori uliokwisha kukusanywa ulikuwa umetengwa kwa ajili ya zulia jipya, na waumini walikwisha kuahidiwa. Mjumbe mmoja alisema kwa nia njema, "Injini inawaka, breki zinashika. Kelele tumeishi nazo miaka yote. Zulia limetoboka, watu wanasujudu kwenye saruji yenye baridi." Mwingine alishauri lori liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tupumzike. Wa tatu alitaka vijana wazungushie bomba bati la kopo na waya, kama ilivyokuwa desturi njiani zamani.

Hoja hizi hazikuwa za kipuuzi. Fedha ilikuwa ya haja moja, na haja zilikuwa mbili. Tukaombwa kusema tuliyoyasoma chuoni, tukasema kwa ufupi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo Waislamu wengi wa nchi hii huyafuata, kitu kinachohamishika kinaweza kuwekwa wakfu maadamu kinatumika na chenyewe kinabaki. Wakfu ukishafungika si mali ya kamati kuuza kwa sababu ya usumbufu. Na mapato ya wakfu huanza kwa kuutunza wakfu wenyewe, ndipo yanufaishe wengine. Zulia lilikuwa likingoja fedha ambazo lori lenyewe lilikuwa bado linazidai. Tena ni kanuni kubwa ya fiqhi kwamba madhara huondolewa, na hapakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa madhara.

Hata hivyo kilichoikata shauri si maneno ya katibu. Yule bibi aliyekuwa kabini alikuwa amemtuma mjukuu wake na ujumbe. Kijana alisimama mlangoni akausema kama alivyopewa: "Bibi anasema, anayeona ni kelele tu, apande yeye, afunge dirisha, aende Matai na kurudi." Wajumbe walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakapitisha.

Kazi ilichukua siku tisa. Sisi tulipewa kigoda kando ya lori, mguu ukiwa juu ya gogo, na kila mmoja alitutafutia shughuli inayolingana na kimo chetu. Tuliandika daftari. Tulipanga boliti katika makopo kwa mpangilio wa mahali zilikotoka. Tulichora gasketi mpya juu ya katoni kwa kukandamiza katoni kwenye uso wa chuma hadi alama zikatokea, ili fundi aende mjini kutafuta ya karatasi ngumu inayolingana. Kwa mtu aliyelala miezi mitatu akihudumiwa, kuombwa kopo la nati ni dawa ambayo haiuzwi famasi. Anayemuuguza ndugu yake nyumbani na alikumbuke hilo: mgonjwa huhitaji chakula, dawa na usafi, na huhitaji pia kuulizwa, "Hebu tushikie hapa."

Vijana walitaka kuanza kwa nguvu. Fundi aliwazuia. Kwanza gurudumu zikawekewa vizuizi, na lori likakalishwa juu ya magogo manene, kwa kuwa jeki hainyanyui gari kwa ajili ya mtu kulala chini yake. Hunyanyua tu, kisha gogo ndilo hubeba. Boliti zote zikamwagiwa mafuta na kuachwa hadi kesho yake yalowe. Ile kamba iliyozungushiwa bomba la zamani kuzuia joto aliitazama kwa muda, akaagiza iloweshwe maji kabla ya kuguswa, itolewe ikiwa mbichi na kufungwa katika mfuko wa nailoni. Magari ya umri huu yalitumia asbesto katika kamba na gasketi zake, na vumbi la asbesto likikauka na kuvutwa huharibu mapafu, madhara yake yakijitokeza baada ya miaka mingi. Kijana aliyekwisha kushika tupa akaiweka chini.

Boliti mbili za manifoldi zilikatika pamoja na tahadhari zote, zikatobolewa kwa drili taratibu, asubuhi nzima. Sailensa ilipatikana kwenye yadi ya magari yaliyokufa, kutoka lori jingine lenye injini ya ukubwa unaokaribiana, ikapigwa nyundo kidogo kidogo kusikilizwa kama kutu imeila kwa ndani. Lakini bomba la kushuka, lenye kona zake mbili, halikupatikana popote. Ikabidi litengenezwe.

Hapo ndipo mzee alipotuonyesha ufundi wake. Alinunua bomba la chuma lililonyooka, akalijaza mchanga uliochekechwa na kukaangwa kwenye karai hadi unyevu wote ukaisha. Mchanga ukiwa na maji kidogo, alieleza, ukafungiwa na kupashwa moto, maji hugeuka mvuke na kukirusha kizibo kama risasi. Akaziba ncha zote mbili kwa mti, akaipasha kona hadi ikawa nyekundu, na vijana wakalikunja polepole kwa kufuata mfano wa waya. Kwa sababu ya mchanga uliojaa ndani, bomba lilipinda bila kubonyea. Moshi haupendi kona zilizobonyea. Hurudi nyuma na kuilemea injini.

Tulipomsifu alicheka. "Hii ni nchi ya wahunzi," akasema. Na kweli ndivyo. Kabla ya chuma cha ng'ambo kujaa madukani, Wafipa waliyeyusha chuma chao katika matanuru ya udongo yaitwayo malungu, marefu kupita kimo cha mtu. Tanuru hilo halikuhitaji mtu wa kuvukuta. Joto na moshi vilipanda na kutoka juu, na kwa kutoka kwake hewa mpya ilivutwa ndani kupitia matundu ya chini, yenyewe, usiku na mchana. Chuma kilichopatikana kilipelekwa katika tanuru dogo lenye mivukuto kikasafishwa. Mabaki ya malungu yapo uwandani hadi leo, na wachungaji hupita kando yake. "Wazee walijua," fundi akasema. "Ukiupa moshi njia ya kutoka, hewa njema hujileta."

Siku ya saba vipande viliunganishwa kwa kuchomelea. Mashine ya grenda ilipiga kelele siku nzima, lakini kila adhana iliposikika mzee aliizima kabla hatujasema neno, akaketi kivulini hadi tuliporudi. Bomba lilining'inizwa kwa vipande vya mpira wa tairi ili litikisike pamoja na injini bila kupasuka. Mdomo wake ulipelekwa hadi nyuma kabisa na kupita ukingo wa bodi, ukaelekezwa kulia, mbali na mlango wa abiria na mbali na waendao kwa miguu kando ya barabara. Nyuma ya gari lenye mgongo mpana hewa huzunguka na kurudi, nayo huurudisha moshi kwa waliokaa ndani ya bodi, kwa hiyo bomba fupi halifai. Mwisho matundu ya sakafu yakazibwa kwa bati na mipira mipya. Injini ikawashwa, maungio yakapakwa maji ya sabuni yangali ya baridi, na hakuna povu lililotokea. Tambara likawekwa tena mdomoni. Safari hii injini ililemewa, ikakohoa, ikataka kuzima.

Lori lilipotoka uwanjani lilikuwa kimya kiasi cha watoto wa madrasa kutolisikia. Wengine walinuna. Zulia lilichelewa hadi mavuno yaliyofuata, na katika miezi hiyo waumini walileta mikeka kutoka majumbani.

Mguu nao ulifuata mwendo wake. Tabibu alituruhusu kuukanyaga kwa uzito kidogo, kisha nusu, kisha wote, na kila mara tulipotaka kuruka hatua mama watoto alituuliza kama tunataka kufungwa bati la kopo na waya. Hatukuwa na jibu.

Tumeyaandika haya kwa ajili ya nyumba nyingi ambazo hazina lori. Zina jiko la mkaa. Usiku wa baridi, mzazi huingiza jiko chumbani, akangoja mkaa uwe mwekundu usiofuka, akaona moshi umekwisha, akafunga mlango na kulala na wanawe. Mkaa huo mwekundu hutoa gesi ileile iliyomlaza binti yetu, tena kwa wingi kuliko lori. Haionekani, hainuki, na aliyelala haamshwi nayo. Kila mwaka wa baridi tunasikia habari za watu waliokutwa asubuhi hawana uhai na jiko likiwa majivu kati yao.

Basi jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama chumba kitapoa. Blanketi la pili ni rahisi kuliko sanda. Jenereta isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha. Gari lisiachwe likiunguruma katika banda lililofungwa. Anayesafiri katika gari lenye harufu ya moshi ndani afungue dirisha na avumilie baridi, kisha amwambie mwenye gari waziwazi. Na watu wa nyumba moja au gari moja wakiumwa kichwa pamoja, wakapata nafuu wanapotoka nje, wasitafute aliyewahusudu. Watoke wote kwenye hewa safi, waende hospitali, na wamweleze daktari walikuwa wapi.

Kwa kamati zenye mali za wakfu, ziwe magari, nyumba au visima, sisi tumefungua daftari la lori. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi mtu hulala chini yake na kurunzi, akaandika alichokiona na kutia sahihi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Nasi tunaongeza kwamba nyufa nyingine zikiachwa, hata ukuta haujengwi tena, huchimbwa kaburi. Usiku huu wa baridi, kabla komeo halijatiwa, mkuu wa kila nyumba na aulize lile swali moja, kisha angoje hadi apate jibu: moshi unatokea wapi?